Ukiona mwana wa ndugu yako anateswa: mlango gani uanze kubisha, hapa Lubumbashi

Mimi ni fundi wa kushona, meza yangu iko Katuba chini ya mwembe. Naandikia mashangazi, wajomba, mama wadogo na baba wakubwa wanaojua kwamba kuna mwana wa ukoo wao anayekaa vibaya katika nyumba fulani, na kila usiku wanalala na neno hilo bila kujua walipeleke wapi. Mimi mwenyewe nililala nalo majuma matatu.

Nililijua kwa tepu ya kupimia. Septemba, kabla masomo hayajaanza, nilimshonea mwana wa kaka yangu suruali ya bluu na shati jeupe. Alikuwa na miaka 9, kiuno sentimita 58, na chini niliacha pindo pana kwa sababu watoto wa umri ule hurefuka upesi. Februari alipita mezani kwangu, suruali ameikaza kwa kamba ya gunia. Nikamwambia asimame nimpime. 53. Pindo lilikuwa pale pale nilipolishona. Aliinua mikono kama wateja wanavyoinua, na nilipopandisha shati ili nizungushe tepu nikaona alama tatu mgongoni, mbili zimekauka, moja bado ina majimaji. Nilimpa chai na mikate miwili. Mmoja alikula. Wa pili akaufunga ndani ya kipande cha kitenge alichookota chini ya mashine, akautia mfukoni. "Ya magaribi," akasema.

Mama yake alikufa. Baba yake yuko Kolwezi, anachimba. Mwana alibaki na mke wa pili, na kulikuwa na chumba cha maombi ambako walikuwa wameshasema neno lao. Jirani ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini: "Tantine, beko banasema huyu mwana ni mulozi." Yaani mchawi.

Siku jirani aliponiambia hayo nilifunga mashine nikaenda kwa shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, kule anakokaa yule mwana, na nilikwenda vibaya. Nilianza na friji ya marehemu iliyouzwa, nikaja kwenye pesa za kaka yangu, nikaja kwenye jinsi yule mwanamke alivyotujibu siku ya matanga. Nilipofika kwenye mgongo wa mwana, shefu alikuwa ameshachoka. "Mama, hayo ni maneno ya bashemeji. Muende mukasikilizane nyumbani." Nilitoka nikilia kwa hasira. Leo naona kwamba ni mimi niliyemfungulia mlango wa kunirudisha. Kila wiki wanampelekea magomvi ya wakwe, na langu lilivaa nguo ileile. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokuomba, ndugu yangu, ni hili: kabla ya kutoka nyumbani, mtenge mwana na ugomvi. Mahari, friji, kiwanja, nani alimtukana nani, yote hayo yaache kitandani. Ofisini nenda na mwana peke yake.

Na hiyo hufanyika kwa daftari. Nunua daftari la shule, andika tarehe, saa, ulichoona kwa macho yako, na nani mwingine alikuwepo. Usiandike "anamtesa." Andika: "Tarehe 11 Februari, saa kumi alasiri, alama tatu mgongoni, moja ina majimaji, kiuno sentimita 53, Septemba kilikuwa 58." Uliyoyasikia kwa jirani yaweke ukurasa mwingine, na jina la jirani, kama anakubali. Mwana akisema kitu mwenyewe, kiandike kwa maneno yake, kwa Kiswahili chake, usikisafishe. Siku moja nilimuuliza tu, "Ulilala wapi?" Akajibu, "Mu nyumba ya kuku." Nimeandika hivyo hivyo. Sikumuuliza nani alimpeleka, wala mara ngapi. Ukimhoji sana mwana atakupa jibu unalolitaka, na siku ya kuulizwa na wenye kazi maneno yake yatakuwa yamechanganyika na yako.

Shuleni pia kuna ushahidi. Mwalimu ana daftari la mahudhurio. Nilimwendea asubuhi, kwa heshima, nikamwomba anihesabie siku ambazo mwana hakuonekana. Na mtu akikwambia mwana hasomi kwa sababu hakuna minervali, yaani karo, kumbuka shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu 2019. Mwana wa miaka 9 anayeshinda nyumbani kuchota maji siku za masomo tayari ni jambo la kuandika.

Kuna hali ambazo hazingoji daftari. Damu inayotoka, moto, mfupa uliovunjika, mwana aliyefungiwa ndani au aliyefukuzwa usiku, mwana aliyebakwa: hapo ni hospitali na polisi siku hiyohiyo. Kwa ubakaji hesabu ni ya saa. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inapaswa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Usimwogeshe mwana, usifue nguo zake. Zifunge katika karatasi au kitambaa kikavu, si katika mfuko wa plastiki. Na ukoo ukianza kusema "tukae tuelewane, watoe mbuzi na pesa," simama. Kwa sheria za Kongo zilizotolewa tarehe 20 Julai 2006, ubakaji haumalizwi kwa malipo. Pesa ikikubaliwa pembeni, kesi haifi. Anayeumia ni mwana, kwa sababu siku za ushahidi zinapita watu wakihesabu noti.

Kama hatari si ya leo leo, kaeni kwanza kama ukoo, lakini kwa kusudi moja na kwa siku chache. Hapa kwetu watu wamechanganyika. Kwa Wabemba mjomba ndiye mwenye neno juu ya mwana, kwa Waluba ni upande wa baba, na nimeona ndugu wanabishana miezi miwili nani ana haki ya kusema huku mwana anakonda. Baraza la ukoo liamue vitu viwili tu: nani atakwenda kusema, na mwana akitolewa atalala wapi. Mengine baadaye. Mimi nilimpigia kaka yangu simu Kolwezi mara nne ndipo akapokea. Nilimsomea daftari ukurasa kwa ukurasa. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Dada, nenda." Nikamwomba aniandikie hayo kwa ujumbe wa simu, na jina lake lote. Ujumbe ule ulinifaa kuliko nilivyodhani, maana kwenye kila meza waliniuliza kama baba anajua.

Sasa milango yenyewe.

Shefu wa kartie bado ni mlango wa kwanza, na nilirudi kwake, safari hii na daftari. Ujue anachoweza na asichoweza. Hahukumu, wala hana uwezo wa kumtoa mwana katika nyumba. Lakini anaweza kuwaita watu, anaweza kuthibitisha kwamba mwana anakaa kweli katika avenyu ile, na anaweza kukupa barua ya kukuelekeza komini, yaani ofisi ya sehemu yenu ya jiji. Mara ya pili alinisikiliza kwa dakika kumi na akaandika.

Mlango ulio na uzito kwa ndugu kama sisi ni ofisi ya mambo ya jamii. Kwenye ubao utasoma Affaires sociales. Jiji letu lina komini saba, Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Rwashi na Annexe, na inayokuhusu ni ile anakokaa mwana, si yako. Omba kumwona asistanti sosiali. Yeye ndiye anayefika nyumbani, anauliza, anaandika ripoti. Mwana akihitaji kutolewa, yeye ndiye anayeweza kumweka kwa muda katika familia au katika kituo kinachotambuliwa, na kumjulisha hakimu wa watoto. Baba na mama wanaweza kujipeleka wenyewe mbele ya hakimu huyo. Shangazi au mjomba hupita kwa urahisi zaidi mikononi mwa asistanti sosiali.

Ukifika hapo, taja sheria kwa jina, bila kelele. Ni sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto. Kifungu cha 62 kinahesabu watoto walio katika hali ngumu, na humo wamo mwana aliyetupwa, mwana anayeteswa, na mwana anayeshtakiwa ulozi. Kifungu cha 160 kinasema anayemshtaki mtoto ulozi hufungwa mwaka 1 hadi 3 na kulipa faini ya franka 200.000 hadi 1.000.000. Hata Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza neno hilo waziwazi. Nilikuwa nimeinakili mistari hiyo mitatu nyuma ya daftari langu. Wengi kwetu bado wanadhani ulozi wa mwana ni neno la kanisa na ukoo, kwamba serikali haina cha kusema. Serikali ilishasema. Ukijua hilo, hata namna yako ya kukaa kwenye kiti inabadilika.

Polisi ina kikosi cha kulinda watoto na kuzuia ubakaji. Kwao unakwenda kama kuna kosa la jinai, yaani kipigo, moto, ubakaji, kumfungia. Ofisa wa upelelezi, tunayemwita OPJ, ataandika PV, yaani karatasi ya maelezo yako, na atakupa karatasi ya kumwomba daktari ampime mwana na kuandika alichokiona. Usimpeleke mwana hospitali kwa ajili ya ushahidi ukasahau karatasi hiyo. PV itaandikwa kwa Kifaransa. Wewe sema kwa Kiswahili, ni lugha ya taifa na ni haki yako kueleweka, na kabla ya kutia sahihi mwombe akusomee kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Mimi nilisomewa, na nilikuta wameandika "analala nje" mahali niliposema nyumba ya kuku. Nikaomba wasahihishe. Walisahihisha.

Kuhusu pesa: kueleza kwamba mwana anateswa hakununuliwi. Lakini katika ofisi moja niliombwa "ya usafiri" ili ofisa afike nyumbani. Niliogopa kukataa kabisa, faili isilale. Nikamwambia, "Baba, mimi nitakuja kukuchukua asubuhi, tutapanda teksi-basi pamoja, nauli zote mbili nitalipa mimi kwa konda." Alikubali. Hakuna noti iliyopita mkononi, na tulifika. Mtu akisisitiza kwamba kuna ada, mwombe risiti yenye muhuri na jina.

Barua iwe fupi. Ipelekwe nakala mbili, moja wanabaki nayo, nyingine wanaipiga muhuri wa kupokea na tarehe, unarudi nayo. Bila muhuri huo barua yako haikufika. Kama huna Kifaransa, mwombe kijana wa chuo akutafsirie, lakini wewe ndiye uamue maneno. Yangu ilikuwa hivi:

"Mimi ni shangazi ya mtoto fulani, mwenye miaka 9, mwana wa kaka yangu, anayekaa avenyu fulani, namba fulani. Tarehe 11 Februari nilimwona na alama tatu mgongoni. Tangu Septemba kiuno chake kimepungua sentimita 5. Mwalimu wake amehesabu siku 19 za kukosa shule tangu Januari. Tarehe 20 Februari aliniambia analala katika nyumba ya kuku. Anaitwa mlozi mbele ya watu. Baba yake, aliye Kolwezi, anajua kwamba ninaandika. Naomba asistanti sosiali afike nyumbani na amsikilize mtoto. Niko tayari kumpokea kwangu kama itaamuliwa hivyo."

Ambatisha unachoweza: hati ya kuzaliwa, na kama haipo, karatasi ya ubatizo, kadi ya kliniki au bulete ya shule, ile ripoti ya alama, na kadi yako ya mpiga kura, ile tunayoitumia kama kitambulisho. Ukiweza, weka na kitu kinachoonyesha kwamba kweli wewe ni ndugu.

Sentensi ile ya mwisho ya barua usiiache. Swali la kwanza nililoulizwa komini halikuwa kuhusu mgongo. Lilikuwa, "Tukimtoa, atakaa na nani?" Wengi wanafika na machozi mengi na jibu la swali hilo hawana, na hapo ofisa anafunga faili polepole. Uwe umeshazungumza na mume wako na watoto wako. Ujue atalala kwenye kitanda gani, atasoma shule gani, nani atakuwa nyumbani akirudi. Kituo ni kwa asiye na mtu. Wasalesiani wa Don Bosco, watawa wa Kikatoliki, wana nyumba hapa jijini za kupokea vijana wa barabarani, Bakanja Ville ni mojawapo, na wanafanya kazi kubwa. Lakini mwana mwenye shangazi hai hapaswi kuchukua nafasi ya asiye na mtu.

Kuna mambo ambayo utatamani kuyafanya. Utatamani kwenda usiku kumchukua. Usiende: kesho yake wewe ndiye utakayeitwa mwizi wa mtoto, na faili itageuka. Utatamani kuweka picha ya mgongo wake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Picha ile itafika kwa wanafunzi wenzake kabla haijafika kwa hakimu. Na ndugu wengine watakushauri, kwa nia njema, umpeleke kwenye chumba kingine cha maombi "wamtoe" huo ulozi. Kumpeleka huko ni kukubali kwamba anao.

Siku ya asistanti sosiali kufika, mwana husikilizwa peke yake. Ni haki yake kusema anavyoona, kwa kadiri ya umri wake. Mimi nilikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Usimfundishe la kusema. Nilimwambia moja tu asubuhi: "Atakuja mama mmoja kukuuliza. Ukitaka kujibu, jibu. Usipotaka, nyamaza. Mimi nitakuwa nje."

Na yule mwanamke wa kaka yangu naye alisikilizwa, na hapo ndipo nilipojua nisilolijua. Kaka yangu alikuwa hajatuma hata franka kwa miezi mitano. Yule mama alikuwa ameuza friji kulipa nyumba. Ana mtoto wake mchanga, na kule kwenye maombi walimwambia kwamba riziki imekauka kwa sababu ya yule wa mke wa kwanza. Haya hayafuti alama mgongoni, na sikutaka yafutwe. Lakini ripoti ilimtaja kaka yangu kabla ya kumtaja yeye, na ilikuwa haki. Jiandae kusikia jambo kama hilo juu ya mtu wa upande wako. Ukilipinga kwa sababu ni ndugu yako, utakuwa umerudisha ule ugomvi wa bashemeji ulioutenga mwanzoni.

Korti ya watoto yenyewe haikuwa kama nilivyoogopa. Milango inafungwa, watu wa nje hawaingii. Hakimu alimuuliza mwana anapenda somo gani. Alimuuliza pia anataka kukaa wapi, na akasubiri jibu, na lilichelewa. Nilitoka na karatasi inayosema mwana anawekwa kwangu kwa muda. Isome karatasi hiyo vizuri, au usomewe: ni ya muda gani, nani atafuatilia, mzazi atamwona lini. Kuwekwa kwako hakumfanyi awe wako. Baba bado ni baba, na asistanti sosiali atafika kukutazama wewe sasa, atafungua hata sufuria. Mkaribishe. Daftari liendelee, kilo, kiuno, siku za shule, homa, kila kitu.

Kosa moja nililolifanya nataka usilifanye. Katika nyumba ile kulikuwa na mwana mwingine wa kaka yangu, dada yake mdogo, miaka 6, mama mmoja. Yeye hakuwa na alama, alikuwa hajaitwa mlozi, kwa hiyo barua yangu haikumtaja hata kwa neno moja. Karatasi ya hakimu ikaja na jina moja. Mwezi wa pili baada ya kaka yake kuja kwangu, yule mdogo alianza kutumwa kuuza maji mbele ya kituo cha teksi-basi mpaka giza. Niliambiwa na mwana mwenyewe, alipotoka kumwona siku ya Jumamosi. Katika barua ya kwanza andika majina ya watoto wote walio katika nyumba, na umri wao, hata wale unaodhani wako salama, na omba wote waonekane. Barua yangu ya pili, yenye jina la dada yake, nimeipeleka Jumanne. Nakala yenye muhuri iko hapa, ndani ya daftari, na Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye kituo cha teksi-basi kumsubiri asistanti sosiali.